Pumba Hazilimwi Shambani

Hotuba mbele ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wenye mashine za nafaka, Moshi

Mheshimiwa mwenyekiti, wafugaji wenzangu, wenye mashine za kusaga na kukoboa, na akina mama mliotoka Kibosho na Marangu alfajiri hii mkiwa mmeshakamua: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nilipomwambia mke wangu kwamba nimealikwa kuzungumzia pumba, aliniuliza kama walionialika wananifahamu vizuri. Kwa Kiswahili cha mjini, mtu anayeongea pumba ni mtu wa kunyamazishwa. Leo nina ruhusa ya mwenyekiti, basi nitaziongea kwa muda wa kutosha.

Chanzo chake ni simu. Wiki mbili zilizopita mwenyekiti alinitumia picha ya jedwali kutoka kwenye intaneti: nchi upande wa kushoto, miaka juu, na ndani yake tani za pumba za nafaka. Chini yake akaniandikia maswali mawili. La kwanza: inawezekanaje Indonesia, ambayo hailimi ngano, ihesabiwe pumba za ngano kuliko sisi tunaoilima? La pili: kama sisi tunavuna mahindi mengi hivi, mbona kila kiangazi gunia la pumba linapanda bei mpaka mtu anafikiria kuuza ndama? Nimekuja kujibu maswali hayo mawili, nanyi mtaona kwamba jibu lake ni moja.

Jedwali lile linatokana na takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Zinaanzia mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, kwa hiyo mtu anaweza kuifuatilia nchi yetu tangu siku ya kwanza. Kila nchi ina mizania yake ya chakula: kilichozalishwa, kilichoingia, kilichotoka, kilicholiwa na watu, kilicholishwa mifugo. Ukiitazama unaona namba zimepangwa safi, nawe unaziamini kama unavyoamini risiti.

Sasa niwaulize. Nani hapa amewahi kumwona mtu wa takwimu amesimama mlangoni pa mashine na mizani, anapima pumba?

(Kicheko.)

Mimi nimewahi kuwa mtu huyo, na hata mimi sikupima. Nilikuwa afisa mifugo kijana, katika wilaya ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina marafiki kule. Ilikuja fomu kutoka juu, na kwenye mstari mmoja imeandikwa: pumba zilizozalishwa, tani. Nikachukua baiskeli nikaenda kwa mzee mmoja mwenye mashine, nikamwuliza anatoa pumba kiasi gani kwa mwaka. Akazima injini kabisa ili anisikie vizuri. Akasema, "Kijana wangu, mwenye mahindi akizitaka pumba zake anaondoka nazo. Asipozitaka ni zangu, nazijaza kwenye gunia, nauza. Nikianza kuziandika, nitasaga saa ngapi?"

Nikarudi ofisini mikono mitupu. Mkubwa wangu wa kazi hakuhangaika. Akaniambia chukua mavuno ya mahindi ya wilaya, zidisha kwa asilimia 30, jaza. Nikazidisha, nikajaza, fomu ikaenda. Ilinichukua miaka kuelewa nilichokuwa nimekifanya. Wilaya ile nusu ya watu walikula dona, na dona haina pumba, maana pumba zake zimo ndani ya ugali. Mahindi mengine yaliliwa mabichi, ya kuchoma na ya kuchemsha. Mengine yalipikwa kande. Na sehemu kubwa ilipakiwa kwenye malori ikiwa punje nzima, ikaenda kusagwa kwingine kabisa. Yote hayo mimi niliyatoza asilimia 30. Niliwagawia ng'ombe wa wilaya ile chakula ambacho kilikuwa tumboni mwa watoto wa shule, na kingine kilikuwa Nairobi.

Msidhani wakubwa wa dunia wanafanya tofauti sana na yule mkubwa wangu. Wana uangalifu zaidi, lakini njia ni ileile. FAO wana viwango vya ubadilishaji: katika nchi fulani, kilo 100 za ngano zikiingia mashineni hutoka kilo kadhaa za unga na kilo kadhaa za pumba. Nchi isipoleta taarifa, wanakadiria kwa viwango hivyo. Siwalaumu. Pumba si zao ambalo mkulima analivuna akalitangaza. Ila tujue tunachokisoma. Karibu kila namba ya pumba mnayoiona imepatikana kwa kuzidisha mambo mawili: nafaka iliyoingia mashineni, na weupe wa unga uliotoka. Shamba liko mbali na hesabu hiyo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mashine, maana hapo ndipo Indonesia inapofichuka.

Wenzetu wale wako kwenye ikweta, kwenye joto na unyevu ambao ngano haiupendi. Lakini wanapenda tambi kama sisi tunavyopenda chapati. Kwa mwaka wanaagiza ngano zaidi ya tani milioni 10, kutoka Australia, Canada, Argentina, eneo la Bahari Nyeusi, popote bei iliponyooka. Viwanda vyao vimekaa bandarini, na kimojawapo pale Jakarta kinatajwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Meli inashusha ngano upande huu, unga unatoka upande ule. Sasa pigeni hesabu wenyewe: tani milioni 10 za ngano zikisagwa unga mweupe, pumba hazipungui tani milioni 2. Wanalisha mifugo yao, na nyingine wanazibana kuwa punje ngumu wanawauzia majirani wa Asia. Wanauza pumba za ngano ambayo hawakuilima hata ekari moja ya maana.

Uturuki ni hodari zaidi. Wao ngano wanailima, na nyingi, lakini juu ya hiyo wanaagiza nyingine, wanaisaga, wanauza unga nje. Kwa miaka mingi sasa wamekuwa wakishika nafasi ya kwanza duniani kwa kuuza unga wa ngano. Unga wao unakwenda Iraki, Yemen, Somalia. Pumba je? Zimebaki Uturuki, na ng'ombe wa Uturuki wanazila. Mama wa Mogadishu akifungua mfuko wa unga ule, amenunua ngano iliyoachwa ganda lake ugenini. Ukiweka Uturuki na Somalia kwenye jedwali moja la pumba, hulinganishi wakulima wa nchi hizo. Unalinganisha mahali viwanda vilipojengwa.

Na sisi? Tuko kilomita chache kutoka Holili. Lori linalovuka pale na mahindi mazima limebeba pumba ndani ya kila punje. Mwenye lori anahesabu mahindi, afisa wa forodha anahesabu mahindi, hakuna anayehesabu pumba, lakini zimevuka. Zitakobolewa Kenya na zitaandikwa kuwa uzalishaji wa Kenya, na baadaye huenda zikarudi kwako zikiwa ndani ya mfuko wa chakula cha kuku wenye picha nzuri ya jogoo. Waganda wako hivyohivyo. Wana ndizi zao, mahindi yao mengi wanayauza, na ganda linaondoka na mahindi. Juu ya hapo, viwanda vya chakula cha mifugo vya Kenya hununua pumba zenyewe kutoka Uganda na kwetu. Mwaka 2017 serikali yetu iliposema anayetaka kuuza mahindi nje auze unga, wengi mlisikia habari ya ajira na thamani. Mimi nilisikia pumba zinabaki. Kama agizo lile lilimtendea haki mkulima wa Rukwa aliyekuwa na magunia ghalani na mnunuzi wa nje mlangoni, hilo ni jambo lingine, na nina mashaka nalo. Lakini kwa ng'ombe wa Kibosho ilikuwa siasa ya malisho, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Hapo niseme neno juu ya Marekani, kwa sababu nimewahi kusikia mtu akidai kwamba nchi inayovuna mahindi kuliko zote lazima iwe na pumba za mahindi kuliko zote. Wamarekani huvuna mahindi zaidi ya tani milioni 350 kwa mwaka. Lakini hawali ugali. Mahindi yao huliwa na ng'ombe, nguruwe na kuku yakiwa mazima au yamepondwapondwa, na fungu kubwa linakwenda kutengeneza mafuta ya kuendeshea magari, ambako ganda hutoka limechanganyika na machicha ya kiwandani. Machicha hayo ni chakula cha ng'ombe kizuri mno, ila kwenye vitabu yana mstari wake. Hivyo ukichukua kilo 100 za mahindi yaliyovunwa Songea na kilo 100 za mahindi yaliyovunwa Iowa, za Songea zina nafasi kubwa zaidi ya kutoa kitu kinachoitwa pumba, kwa sababu sisi tunapenda sembe.

Na hapo tumefika kwenye jambo la pili, weupe.

Punje ya ngano, ukiichambua kwa kisu cha maabara, ganda lake ni kama asilimia 14 au 15 ya uzito. Kiini, ile sehemu inayochipua, ni asilimia 2 na kidogo. Zinazobaki, kama 83, ni wanga mweupe. Mtu makini atauliza: kama ganda ni 15, mbona kiwandani pumba zinafika 25? Ni kwa sababu mashine haimenyi ngano kama mtu anavyomenya chungwa. Inapasua na kukwangua, na kadiri unavyotaka unga uwe mweupe ndivyo unavyoacha wanga mwingi umeng'ang'ania ganda. Hiyo tofauti kati ya 15 na 25 haikuwekwa na Mungu kwenye punje. Imewekwa na mnunuzi wa unga dukani, na wakati mwingine imewekwa na waziri.

Waziri, ndiyo. Tazameni Misri. Mkate wa baladi, ule wa ruzuku ambao mamilioni ya watu huula kila siku, kwa muda mrefu ulikuwa unatokana na unga wa asilimia 82, yaani kilo 100 za ngano zinatoa kilo 82 za unga na 18 zinabaki kuwa pumba. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipofanya ngano iwe ghali na adimu, serikali iliamuru unga ule upande ufikie 87.5. Kwa mla mkate ni mabadiliko madogo, mkate unakuwa mweusi kidogo. Kwa mfugaji wa Misri, pumba zimeshuka kutoka 18 hadi 12.5 katika kila kilo 100. Karibu theluthi imetoweka. Hapakuwa na ukame wala nzige. Mtu atakayechora grafu ya Misri miaka ijayo ataliona bonde hapo, akijiuliza kilimo kilipatwa na nini.

Waingereza walifanya hivyohivyo katika Vita Kuu ya Pili. Manowari za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za ngano, kwa hiyo mwaka 1942 wakaamuru unga wa taifa zima usagwe kwa asilimia 85, ule mkate wa kijivu ambao wazee wao waliulalamikia mpaka ulipoondolewa mwaka 1956. Kila kilo iliyoongezeka kwenye mkate ilitoka kwenye hori la mfugo.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Denmark, katika Vita Kuu ya Kwanza. Denmark ilikuwa nchi ya nguruwe na siagi, na ilikuwa ikiwalisha wanyama wake kwa nafaka na mashudu kutoka nje. Mwaka 1917 bahari ikafungwa. Palikuwa na daktari anaitwa Mikkel Hindhede, mshauri wa serikali katika mambo ya lishe, mtu mbishi ambaye tangu zamani alikuwa akisema watu wanakula nyama kupita kiasi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nafaka iliyopo haitoshi nguruwe na watu, basi nguruwe wachinjwe, na kile walichokuwa wakila, shayiri na pumba, kiwe chakula cha watu. Nguruwe wakachinjwa kwa wingi sana. Wadenmark wakala mkate mweusi wa rai, nafaka ya nchi za baridi, wenye pumba zake zote, na nyingine zikiongezwa juu. Mwaka ule vifo havikuongezeka, vilipungua. Hindhede alitangaza ushindi wa pumba. Mimi ningempunguzia alama kidogo, kwa sababu katika miezi hiyohiyo nafaka ya kutengenezea pombe ilizuiwa na watu walikunywa kidogo sana, na hilo nalo linahesabika. Lakini mezani palithibitika kitu kimoja: pumba zina walaji wawili, mtu na mfugo, na jedwali la uzalishaji linakuonyesha tu zile ambazo mtu amezikataa.

Ndiyo maana Ethiopia huwachanganya wasomaji wa majedwali. Inavuna nafaka nyingi, lakini teff, nafaka ya injera, ni punje ndogo kuliko hata ulezi. Hakuna anayeikoboa. Inasagwa nzima. Tani milioni za teff zinapita mashineni na pumba hazitoki hata debe. Ukisema Wahabeshi hawajui kutoa pumba, utakuwa umewatukana kwa sababu wamekula chakula chao chote.

Na kwa kuwa tuko Afrika Mashariki, kuna jambo la karibu na nyumbani. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi, alifanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, hasa pale hospitali ya Mulago, mpaka mwaka 1966. Aliona kwamba magonjwa fulani ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake wa Uganda, akahusisha jambo hilo na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Aliporudi kwao alihubiri pumba kama mlokole. Miaka ya 1970 Wazungu wakaanza kununua pumba za ngano dukani, kwenye maboksi, kwa bei ambayo ingemzimisha mfugaji yeyote hapa. Huku kwetu wakati uleule tulikuwa tunahamia sembe kwa sababu dona ilikuwa chakula cha shule na cha jela. Walikuwa wanapandisha kilichokuwa kwetu kinashuka. Sasa tunakoboa mahindi, tunatoa vitamini na madini pamoja na ganda, tunampa ng'ombe, kisha sheria inakitaka kiwanda kirudishe madini chuma na vitamini kwenye mfuko wa unga. Siipingi sheria hiyo, inaokoa watoto. Nasema tu ng'ombe wetu anacheka.

Nije kwenye miaka, kwa haraka kidogo, maana naona jua linapanda.

Ukilinganisha miaka na miaka, mtego wa kwanza ni kwamba pumba zinaweza kuhama kutoka kwenye vitabu bila kuhama kutoka nchini. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, na kwa miaka mingi Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, ndilo lililokuwa msagaji mkuu wa unga wa mijini. Shirika lina karani, karani ana kitabu, pumba zina ukurasa wake. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa tangu miaka ya 1980, NMC ikadhoofika, na mashine ndogo zikaota kila kijiji, za dizeli kwanza, kisha za umeme. Mtu akifuata vitabu vya viwanda vikubwa peke yake ataona pumba za Tanzania zinaporomoka. Ukweli ni kwamba huenda hazijawahi kuwa nyingi vile. Zimehamia kwa yule mzee aliyenizimia injini.

Mtego wa pili ni mipaka. Kwenye majedwali kuna nchi zinazokoma ghafla: Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991, Ethiopia yenye Eritrea ndani yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sudan nzima mwaka 2011. Hata neno Afrika Mashariki si la kuliamini upesi. Ile ya Umoja wa Mataifa ina Zimbabwe, Msumbiji, Zambia na Madagaska ndani yake, lakini Kongo imewekwa Afrika ya Kati. Wale wanaodhani ni jumuiya yetu watakuwa wanalinganisha kitu kingine. Na FAO wenyewe walibadili njia ya kukokotoa mizania: mfululizo wa zamani unaishia 2013, mpya unaanzia 2010. Mtu akiunganisha mistari hiyo miwili kwa rula, atapata ngazi ambayo haikujengwa na mkulima yeyote.

Ngazi moja ni ya kweli. Mwaka 1961 dunia nzima ilivuna ngano kama tani milioni 222. Siku hizi inakaribia milioni 800. Hapo hata ukibishana juu ya asilimia, pumba zimeongezeka tu.

Mpunga niliuacha makusudi, kwa sababu kwenye mpunga hata neno linatuponza. Mwenzangu wa Chekereni akisema pumba na mimi nikisema pumba, tunaweza kuwa tunataja vitu viwili. Kilo 100 za mpunga zina makapi kama kilo 20, yale magumu ya nje, na pumba laini kilo 8 hadi 10, zile zinazotoka mchele unapong'arishwa. Makapi ni ya kuchomea matofali. Yana mchanga ndani yake, nazungumza kwa maana halisi, ni silika, na ng'ombe akiyala anashiba bila kulishwa. Pumba laini ni dhahabu: mafuta peke yake yanafika asilimia 15 hadi 20. Sasa mashine nyingi ndogo zinatoa vyote viwili kwenye bomba moja, na sisi tunaviita kwa jina moja. Mtu wa takwimu akihesabu gunia hilo kama pumba, ameongeza uzalishaji wa nchi kwa kutia matofali kwenye hori.

Wahindi walitenganisha. Leo wanaongoza duniani kwa kukamua mafuta ya kupikia kutoka kwenye pumba za mpunga, na wana bahati kwamba mpunga wao mwingi huchemshwa kabla ya kukobolewa, ambapo pumba zake hutoa mafuta zaidi. Kazi yenyewe ni mbio. Mchele ukishakobolewa, kuna kimeng'enya ndani ya pumba kinachoanza kuozesha mafuta ndani ya saa chache, kwa hiyo pumba zifike kiwandani au zipitishwe kwenye moto upesi. Pumba za mpunga ulizoziacha zikae wiki mbili banda la mashine zikanuka uvundo si zile zilizotoka siku ile, ingawa kwenye jedwali tani ni tani. Wajapani nao hutumia pumba za mchele kukamulia mafuta na kuchachulia mboga, na wana mashine za kukobolea barabarani ambazo unatia sarafu, unamimina mchele usiong'arishwa, na unachagua kwa kitufe unataka weupe kiasi gani. Mtu mmoja anaamua kwa kidole chake nchi itaandikiwa pumba kiasi gani asubuhi ile.

Na kuku wa Batavia mnawajua? Mji huo ndio Jakarta ya leo, ileile tuliyoanza nayo. Karibu na mwaka 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi. Kuku wake wa maabara wakaanza kulegea miguu kama wagonjwa wake. Kisha wakapona ghafla. Alipochunguza akakuta kwamba kwa muda walikuwa wanalishwa makombo ya wali mweupe kutoka hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa mchele wa jeshi usilishwe kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani, wakasimama. Ubahili wa mpishi yule ulisaidia kumpeleka Eijkman kwenye tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mashine za kukoboa zilikuwa zimeenea Asia, pumba zimeongezeka, mchele umekuwa mweupe, na watu wanakufa kwa kukosa kile kilichokwenda kwenye pumba. Grafu ya pumba ya miaka hiyo, kama ingekuwepo, ingeonekana kama maendeleo.

Jambo moja zaidi, si la kufurahisha. Kinachobaki kwenye ganda si vitamini tu. Sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, nayo hukaa zaidi sehemu za nje za punje na kwenye kiini. Ukikoboa mahindi yenye ukungu, sembe inapata nafuu na pumba zinapata mzigo. Mzigo huo anaula ng'ombe, na sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Mwaka 2016 tulizika watu Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi. Kwa hiyo mfanyabiashara akikuletea pumba za bei rahisi mno, ziambatane na swali la mahindi yenyewe yalikuwaje. Chukua kiganja, nusa. Kama zimelowa kwa sababu mahindi yalinyunyiziwa maji kabla ya kukobolewa, na zimefungwa kwenye gunia la plastiki siku tatu, mwache nazo.

Mwenyekiti, umenionyesha saa, nimeiona.

Swali lako la pili basi. Pumba zinatupanda bei kiangazi kwa sababu sisi wa hapa hatuna uhaba wa mahindi, tuna uhaba wa ukobozi karibu yetu katika miezi hiyo. Mahindi yameondoka mazima, au yamerudi nyumbani kuwa dona kwa sababu sembe imepanda bei. Hapo hakuna tani za kitaifa zitakazokusaidia. Unachohitaji kujua ni mashine zipi kati ya hapa na Himo zinakoboa mwezi wa pili, na zinakoboa kiasi gani.

Hiyo haimo kwenye jedwali la mtu yeyote, si la FAO kule Roma wala la serikali yetu Dodoma. Kwa hiyo nimekuja na mizani tatu za kuning'inia, zinafika kilo 100, na madaftari matatu ya kawaida ya shule. Kila ukurasa nimeupiga mistari minne: mahindi yaliyoingia, sembe iliyotoka, pumba zilizotoka, zimekwenda wapi. Siku 30 tu. Sitaki asilimia 30 ya mtu, nataka kilo zenu. Mzee mwenye kofia ya bluu kule nyuma, wewe nimekusikia ukisema una mashine mbili. Njoo uchukue daftari la kwanza, na tafadhali usizime injini.